Masikio ya Kuazima

Daktari Skácelová alinichorea mstari.
Unaanza juu, unakwenda sawasawa kama ukingo wa paa,
kisha hapa, akagonga kwa kalamu,
unaporomoka.
"Kuanzia hapa, bwana Oldřich, huna kitu."
Alisema hivyo kama karani wa benki.

Nikapanda tramu namba nane kurudi Líšeň,
njia nzima nikijumlisha.
Waya wa fedha kutoka amplifaya hadi spika:
pensheni ya miezi minne.
Sindano ya almasi: bahari ambayo Milada hakuiona.
Mapazia mazito, ili mwangwi usirudi
kama mgeni aliyesahau kofia.
Miguu ya shaba chini ya spika, marumaru chini ya shaba.
Yote kwa ajili ya zile chembe za juu,
ile hewa inayobaki matoazi yakishagongana.
Kumbe hewa hiyo ilishahama bila kuaga,
nami bado nailipia kodi.

Sikio halikwambii linachokosa.
Jicho likififia, unajikwaa kizingitini.
Sikio likififia, unasema
wanamuziki wa siku hizi hawajui kupiga.
Nimesema hivyo miaka kumi.
Nilimwambia Jaromil, mpenda besi,
ambaye kwake muziki ni kitu cha kutikisa vikombe,
kwamba ana masikio ya gogo.
Nilimwambia Milada, na redio yake ya jikoni
yenye antena iliyofungwa kwa uzi,
kwamba anasikiliza tarumbeta kupitia soksi.
Alicheka. Akaongeza sauti.
Alikata vitunguu huku akiimba, na hata siku moja
hakunyamaza ili asikilize ubora.

Jumamosi akaja Vendula wa ghorofa ya tatu,
miaka tisa, kuchukua ufunguo ulioachwa na mama yake.
Nikamwambia: kaa hapo. Hapana, hapa,
zinapokutana sauti za spika mbili.
Nikatoa santuri niliyorudi nayo kutoka jeshini,
fidla mbili, viola, selo,
nikaifuta, nikashusha sindano
kama mtu anayelaza mtoto.
"Niambie unachosikia."
"Muziki."
"Na nini tena?"
Akafumba macho. Goti lake lina plasta.
"Mtu anavuta pumzi kabla hawajaanza. Kwa pua."
Naam. Huyo namkumbuka.
"Kiti kinalia."
Naam, upande wa kulia.
"Na sasa hivi kama mchele unamwagwa. Mbali."

Mchele?
Miaka hamsini na moja na santuri hii,
na masikio yangu yakiwa mapya, sikuwahi kusikia mchele.
Labda mvua juu ya paa la studio.
Labda vumbi lililoniponyoka.
Labda mtoto anamridhisha mzee apewe biskuti.
Sikumuuliza. Biskuti nilimpa.

"Sasa zamu yangu," akasema, akatoa simu.
Tukaiunganisha. Wimbo umebanwa kama nguo begini,
ngoma kama mlango wa lifti, mwimbaji hana koo.
Nikafungua kinywa kutoa hukumu,
nikakifunga,
kwa kuwa besi iliingia kwa nyayo, ikapanda magoti,
ikakaa kifuani, mahali ambapo daktari hakupima.
Vendula akaruka juu ya zulia langu la kuzuia mwangwi
mpaka vikombe kabatini vikaitikia.

Alipoondoka niliirudia santuri toka mwanzo.
Pumzi sikuisikia. Kiti sikukisikia.
Ila nilijua vilipo,
kama mkono unavyoijua swichi ya taa gizani.
Nilipokaribia mahali pa mchele
niliacha kupumua, nikangoja, pakapita.

Nikampigia Jaromil.
Njoo kesho, nikamwambia,
na hayo masikio yako ya gogo, njoo nayo.