Upande wa Kushoto

Kavira kaviweka mezani juu ya kitambaa cha miwani:
viwili, vidogo kama maharage,
waya wake umesukwa kama nywele za mtoto wa ubatizo.
"Dola mia tisa," kasema. "Mwenyewe ana haraka ya Kampala.
Fundi, sema basi: viko vya kweli ao hapana?"

Sikio halina jibu la haraka, mama.
Sikio hutaka kwanza dunia inyamaze,
na hapa Birere atanyamaza nani?
Jenereta ya kinyozi inakohoa tangu asubuhi,
chukudu inashuka na makaa,
gurudumu la mti linatafuna mawe ya volkano.
Nikajaribu mpira mdogo, ukalegea.
Wa kati ukakaa.
Birere ikafungwa kama dirisha.

Nilianza na besi, kama kila mtu,
maana besi ndiyo hudanganya upesi.
Visikizi vya franga chache hupiga ngoma ileile kwa kila wimbo,
ndu, ndu, kama mdai mlangoni.
Hivi, la. Kidole kiligusa uzi wa gitaa,
uzi ukatetema, ukatulia,
nami nikajua ni uzi mzee,
umeota kutu karibu na ufunguo.

Kisha sauti za watu.
Nina rekodi ya kwaya ya akina mama wa Majengo,
niliinasa mwenyewe, maikrofoni mbili, moja ya kuazima,
mvua ikipiga bati.
Naijua kama mfuko wa suruali yangu.
Masika yuko mbele ya wenzake hatua moja;
siku zote alitaka hatua moja.
Ile "s" ya "asante" haikuchoma,
ilipita kama wembe juu ya povu.
Na nyuma kabisa, nilipodhani pana kimya,
mtu anafunua ukurasa.
Miaka kumi na miwili naisikiliza rekodi hii.
Ukurasa ule haujawahi kufunuliwa.

Lakini kayamba.
Kayamba ya Kanyere niliipanga kushoto kwa mkono wangu,
mbegu zake zilikuwa zikimwagika kama mchele kwenye sinia.
Sasa zinamwagika kwenye blanketi.
Nikasema, labda kwa sauti kubwa, maana aliyeziba masikio hupayuka:
"Kushoto kuna giza."

Kavira hakungoja. Simu tayari iko shavuni.
Naona midomo yake, sisikii kitu,
anaonyesha vidole sita hewani kana kwamba mwenye mali anamwona.

Kuna jaribio moja la mwisho, la bure, halihitaji mashine.
Cha kulia nikakitia kushoto, cha kushoto kulia.
Vilikataa kidogo, kila kimoja kimefinyangwa kwa sikio lake.
Nikarudisha wimbo mwanzo.
Kama ugonjwa ni wa kisikizi, giza litahamia kulia.

Kulia, mvua ikaanguka tone kwa tone.
Kulia, mbegu zote za Kanyere, ungeweza kuzihesabu.
Giza halikuhama.
Lilibaki pale lilipokuwa,
kushoto, ndani, nyumbani kwake.

Sijui liliingia lini.
Labda usiku ule vioo vya mtaa mzima vilipomwagika.
Labda ni huyu kinyozi na jenereta yake.
Labda ni miaka tu, nayo haipigi hodi.
Nikakumbuka mke wangu na lile neno lake:
"Ukitaka husikii." Nami nilikuwa nanuna.

Nikavitoa. Birere ikarudi yote kwa pamoja,
na katikati yake Kavira anacheka:
"Mia sita, fundi! Amekubali! Kwa ajili ya ile kasoro yako!"

Kasoro yangu.
Nikavipangusa nta, kimoja kimoja, polepole
kuliko inavyohitajika,
nikavilaza juu ya kitambaa chao.
Kisha nikavuta kigoda, nikakipiga vumbi.
"Njoo uketi huku," nikamwambia, "upande wa kulia.
Kabla hujamtumia pesa zake."