Mkono wa Pili

Tulipanda basi la saa kumi na mbili na nusu kutoka Panevėžys,
mimi, mwanangu Ugnė, na baba,
baba amevaa shati la harusi za watu,
lile linalotoka kabatini kwa sikukuu na mazishi tu.
Ilikuwa Julai sita, nchi nzima imelala
isipokuwa bendera.
Kiwandani jibini lilibaki likijilinda lenyewe.

Miaka arobaini na mmoja baba alipaka kuta:
shule, zahanati, kambi ya askari waliokwisha kwenda zao,
na hakuwahi kuingia jumba la sanaa.
"Nitatazama nini?" aliuliza njia nzima,
Ukmergė ikapita, misonobari ikapita,
"Nitatazama nini, Rasuolė?"
Picha, baba. Picha.

Tiketi ya mzee ni nusu bei;
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni kama hati ya deni.

Ukumbi wa kwanza: mawingu juu ya shamba la shayiri,
bwana mwenye masharubu, sahani ya samaki.
Ugnė akawaendea samaki moja kwa moja,
akahesabu magamba mpaka akachoka.
Mimi nilisimama mbele ya mwanamke anayechana nywele
nikaona ni mimi, kama ningekuwa na nafasi.

Baba alisimama kati ya picha mbili.
Si mbele ya hii, si mbele ya ile: kati.
Shavu karibu na ukuta, kama anayewasikiliza majirani,
anafuata weupe unavyoelekea dirishani.
"Hapa rola lilikauka," akasema.
"Hapa mtu aliitwa kula, akarudi rangi imeshakaza.
Na huu," akagusa kwa ncha ya kidole,
"ni mkono mmoja. Walilipwa miwili."

Mlinzi akaja mbio, viatu vya mpira vikilia,
Genovaitė, jina liko kifuani:
Hairuhusiwi kugusa, bwana.
"Kugusa picha?"
Kugusa.
"Lakini huu ni ukuta."
Mama yule akautazama ukuta.
Naapa, miaka yote aliyokalia kile kiti
hakuwa ameutazama.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ndoa:
kuna kona ghorofa ya pili,
theluji ikianza kuyeyuka inatoka jasho,
hebu njoo.
Wakaenda. Dakika ishirini na tano.
Tukabaki na wafalme.

Mchana, supu baridi ya bitiruti.
"Pinki hii," baba akainua kijiko,
"huwezi kuchanganya ndoo mbili zikafanana."

Tukavuka daraja kuingia Užupis,
jina lenyewe ni ng'ambo ya mto,
mtaa uliojitangazia jamhuri kwa mzaha
na mzaha ukaota mizizi.
Chini ya daraja bembea;
Ugnė akabembea mpaka soksi zikaonja maji.
Kijana aitwaye Vainius, nywele rangi ya karoti,
alikuwa anauza paka waliochorwa juu ya vigae,
amewaegemeza kwenye mlango unaobambuka.

Baba hakuwaona paka.
Safari hii aliomba ruhusa.
Akatoa kisu cha kumenyea tufaha,
akakwangua mahali padogo, pa ukubwa wa stempu,
akasoma kwenda chini:
bluu, ya juzi hii;
kijivu, ya serikali, pipa lake nalijua;
kijani ya hospitali, ama palikuwa na wagonjwa
ama palikuwa na mwizi wa rangi;
halafu nyekundu nyembamba, ya mafuta ya kitani,
ya kabla yangu, ya kabla ya mama yangu.
"Huyu," akasema, "alijua kazi."
Akanyamaza.

Vainius alichutama, akaacha wateja wawili waondoke.
Basi nisiufunike?
"Ufunike, utaoza. Ila piga msasa kwanza.
Na mikono miwili."

Jioni baba alilala kabla basi halijatoka mjini.
Ugnė akachomoa leso mfukoni mwa lile shati,
akaifungua: kibanzi cha rangi, kama ukucha.
Akakiweka ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha,
akahesabu, akakigeuza, akahesabu tena.
"Mama, mbele ni upande upi?"

Tulikuwa tunaipita Ukmergė.
Sikujua.