Mgeni Kitini

Saa nane usiku, ukingoni mwa Mto Main,
theluji imeziba nusu ya dirisha la maabara.
Wiebke amesinzia, viatu kavua,
nami naitazama kwenye kioo
fuwele tuliyoilea wiki kumi na moja
ndani ya tone dogo kuliko chozi.

Eksirei imeifungua.
Ndani yake yumo kimeng'enya, karani wa mwili:
kila vitamini B sita inayofika mezani pake
huigongea muhuri wa fosfeti, haya, kazini.
Isiyo na muhuri huzurura kwenye damu,
ina jina, haina kibarua.

Leo kwenye kiti cha vitamini
ameketi mwingine.
Namjua.
Ile mikunjo ya kaboni, lile daraja la oksijeni mbili;
namjua kwa harufu kabla sijamjua kwa umbo.
Ni pakanga ya mama,
tuliyoikata kule Hoa Binh kabla haijachanua,
tukaianika mpaka hata wali
tukaula mchungu kutoka vidoleni.

Mdogo wangu Dinh alikuwa na miaka tisa.
Homa ikimpanda, ikimshuka, ikimpanda,
meno yakigongana kama vijiko ndani ya ndoo.
Dawa ilimtoa.
Nasema wazi, mtu asije akanisingizia:
dawa ilimtoa.

Lakini wiki ile hakulala.
Alisema nyati wa kulimia wanatembea juu ya bati.
Alihesabu kwato hadi mia nne na sita,
akakosea, akaanza upya.
Daktari akasema ni homa inaaga.
Mama, akichochea moto, akasema:
“Afadhali mwanangu akose usingizi
kuliko alale nisimwamshe.”

Sijui ilikuwa homa, au alikuwa huyu.
Fuwele haijui habari za mtoto mmoja.
Inajua hili tu: akikaa hapa, muhuri haugongwi;
na muhuri usipogongwa, ubongo hupungukiwa
ile kemikali ipitayo neva hadi neva
ikinong'ona, shii, yatosha.
Neva isiyoambiwa yatosha
humpigia kelele hata nyati asiyekuwepo.

Kwa dozi gani? Kwa siku ngapi? Kwa nani?
Wiebke huandika “pengine” katika kila aya.
Zamani nilikuwa nikiyafuta.

Nimebandika lebo kwenye kichupa: D-9.
Hajaniuliza D ni ya nini.

Kisha nikapiga simu. Kwetu ni saa mbili asubuhi,
Dinh yumo shambani, umande hadi magotini,
ana miaka thelathini na minne, sauti imemjaa kifua,
nyuma yake nasikia panga likikata pakanga, cha, cha.
“Dada,” akasema, “huko si usiku wa manane?
Mbona hulali?”