Nipe Mji

Saa kumi jioni, Desemba, mjini Wellingborough,
jua limeshachukua koti lake limeondoka.
Haitham analiingiza gari gerejini kinyumenyume,
nione kwanza makalio yake:
taa za nyuma amezivika plastiki ya moshi,
nyeusi kama kikaango cha samaki.
Akikanyaga breki
ni kaa la moto lililofukiwa majivuni.

Kipya kinyemi, nasema.
Ingawa kidonda, anamalizia,
maana mama yake ni dada yangu
na methali alinyonyeshwa.

Mbele ametia balbu za buluu.
Buluu ni ya polisi na ya wabeba wagonjwa, namwambia,
wewe u nani kati ya hao?
Anacheka. Mimi naandika.
Hapa sina mpwa, nina fomu.

Nachuchumaa na tochi.
Namulika pembe ya kushoto, namulika ya kulia.
Hakuna kinachojibu.

Kitendawili.
Tega.
Hana waya, hana betri, hana swichi,
mchana kutwa ni kipande cha plastiki tu;
mkopeshe nuru usiku,
atakulipa kabla hujapepesa jicho.

Anakuna kidevu.
Nipe mji.
Akanipa Wellingborough; nikaukataa, umenitia baridi yabisi.
Akanipa Kettering; huko yuko shemeji ninayemdai.
Akanipa Birmingham yote, pamoja na masoko yake,
nikaridhika.
Ni kiakisi, mwanangu.
Kilikuwa ndani ya taa hiyo uliyoivisha kaniki.

Jumatano alirudi na viakisi viwili vyekundu, vya pembetatu,
amevibandika kwa gundi, vimepinda
kama nyusi za mtu aliyeshtuka.
Pembetatu ni ya tela, nikamwambia.
Atakayekuwa nyuma yako atadhani unakokota kitu.
"Nakokota mkopo, mama mdogo."
Hapo Terence, ambaye Kiswahili chake ni chai na sukari,
akauliza tunacheka nini.

Alhamisi akaleta vya mviringo, vya pauni nne na senti.
Tukapima kwa futi, kutoka ubavuni, kutoka chini,
mimi nimeshika ncha hii, yeye ile,
kama watu wanaokata kitambaa cha sare ya harusi.
Plastiki ya moshi tuliipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele
ikabanduka nzima, kama utando wa maziwa.
Balbu za buluu alizitia mfukoni, hakuzitupa.
Akalizunguka gari mara mbili.
"Sasa linafanana na la mwalimu."
Nikamchapia cheti chake.

Sikuyakumbuka tena hayo mpaka Februari,
usiku, njia ya mashambani, natoka kwa yule shemeji
mikono mitupu,
ukungu mzito kama uji ulioachwa jikoni.
Hakuna nguzo ya taa. Hakuna nyumba.
Kondoo wanakohoa nyuma ya ua.
Mbele yangu hakuna kitu.
Kisha vitu viwili,
vyekundu, vidogo, chini chini, usawa mmoja,
vinanirudishia taa zangu mwenyewe.

Nikapunguza mwendo, nikapita pembeni.
Gurudumu mbili majanini, injini kimya,
naye kalaza kiti, kofia usoni,
fulana ya ghala bado mwilini,
kazamishwa na usingizi wa zamu ya usiku.
(Kesho nitamgombeza. Mtu halali kando ya njia
bila kuwasha hata taa ya kuegesha.)

Lakini sikupiga honi.
Nilipompita nikatazama kiooni:
giza tupu, kama hapakuwa na mtu.

Birmingham nimekurudishia,
nikasema kwa sauti, peke yangu garini.
Kettering kaa nayo,
na deni lake.