Upande wa Kivuli

Karatasi ilikuwa na watu wawili, na mmoja hakuwa mtu.
Huku picha: tabasamu dogo, kola imenyooka.
Huku umbo jeusi, kichwa na mabega tu,
kama aliyesimama mlangoni jua likiwa mgongoni kwake.
Ndiyo. Hapana.
Wasiojua kusoma tuliwaeleza hivi:
huyu ni yeye, na huyu ni kutokuwa yeye.

Nilikuwa karani wa kituo, mwalimu wa miaka ishirini na miwili,
Urambo, Oktoba, darasa la tatu, madawati yamesukumwa ukutani,
ubaoni hesabu ya ndoo na bomba linalovuja
ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Ubunge ulikuwa na utamu wake: Jembe au Nyumba.
Wote wa Chama, wote walishuka Landrova moja,
wakapanda jukwaa moja, wakaahidi mbolea ileile.
"Tofauti yao nini?" aliuliza Maganga, mikono bado ina utomvu wa tumbaku.
Balozi akamjibu: "Jembe analima, Nyumba analala."
Tulicheka. Lakini usidhani tuliigiza:
Songambele ndugu wawili, ziwa moja,
walinyimana salamu mpaka masika kwa ajili ya Jembe.
Tulipopewa dirisha, hata dogo,
tulibanana hapo kutaka hewa.

Usiku tulihesabu kwa karabai.
Kumbikumbi wa mvua ya kwanza walidondoka juu ya kura,
tukawapuliza, tukaendelea: ndiyo, ndiyo, ndiyo,
mpaka neno likaisha maana likabaki pumzi.
Mia nne na kumi na mbili.
Kisha moja.
Alama ya vema juu ya kivuli,
penseli imekandamizwa hadi karatasi ikachanika.

Katibu Kata Lusangija aliishika
kama mteuzi wa tumbaku ashikavyo jani lenye ukungu.
"Hii imeharibika."
Mwalimu Mkuu akakohoa: "Alama inaonekana, ndugu Katibu."
"Karatasi nzima. Kilichoharibika ni mkono."
Akaanza kutaja: nani alichelewa, nani hakuchanga,
nani alinyimwa mkopo wa pembejeo akanuna.
Akanigeukia. "Na wewe, karani, ulipiga saa ngapi?"
Nilipiga saa mbili asubuhi. Nilipiga ndiyo.
Najua nilipiga ndiyo.
Lakini pale, jasho likinishuka mgongoni,
nisingethubutu kuapa.

Wiki nzima kijiji kilijitetea bila kushtakiwa.
Kwenye foleni ya sukari, robo kilo kila kaya,
watu walisema "mimi nilimpa yeye" kabla ya kusema "hujambo".
Maganga aliacha kuuliza maswali,
hata bei ya dawa ya minyoo hakuiuliza,
alilipa tu.

Ndipo akaja Kalunde, bibi yake Mihayo wa darasani kwangu,
kununua daftari kwa kibaba cha karanga.
Macho yake yalikuwa na utando, aliongea akitazama sikio langu.
"Mwalimu, yule asiye na sura, alipata wangapi?"
"Hakupata, bibi."
"Hata mmoja?"
Nikajishughulisha na karanga.
"Nilimwona peke yake," alisema. "Hana macho, hana kola,
wala hakuna aliyekuja kumnadi.
Nikasema, hata mgeni usiyemjua humpa maji."
Akajifunga upya khanga, akachukua daftari,
akaenda zake akipapasa njia kwa fimbo.

Sijui mpaka leo kama alikosea,
au kama kituoni pale pote
ni yeye tu aliyekuwa amepiga kura.

Redio ilisoma asilimia. Baada ya nukta hawakusoma.
Sisi tulikuwa baada ya nukta.

Fomu ilibaki na nakala, nami niliiona tena
siku tulipohamisha makabati ya shule:
Zilizoharibika: 1.
Wino wa bluu, herufi zimelala vizuri kwenye mstari,
mwandiko uleule niliowaambia watoto
wauige.