Matundu ya Mkanda

Mkanda huu baba aliuacha kwenye msumari nyuma ya mlango:
ngozi ya ng'ombe, bizimu ya shaba iliyolika pembe,
matundu matano ya kiwandani
na manne aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.
Mawili karibu na ncha, miaka kahawa ilipokuwa na bei.
Mawili karibu na bizimu,
miaka niliyokuwa nikimbeba kutoka kilabuni kwa Mama Ndeanasia,
mwepesi kuliko debe la maji.

Mimi kazi yangu ni mizani.
Ghalani, karibu na stesheni ya Moshi, gunia likipandishwa
nasoma, naandika, nasema: "Sitini na moja. Shusha."
Jioni, vijana wakishaondoka, hupanda mwenyewe.
Themanini na nne, Pasaka.
Tisini na moja, mavuno.
Tisini na tisa, na mshale ukatetemeka
kama mtu aliyetaka kusema jambo
akaahirisha.

Mama husema mbege si pombe, ni chakula:
ulezi na ndizi, uji uliobalehe.
Basi nimekula, mama. Nimekula
mpaka viatu nafungiwa na mtoto.

Kliniki, Jumanne, benchi limejaa.
Nesi akaita, "Bwana Kileo!"
Wakacheka. Hata mzee mwenye bandeji jichoni akacheka.
Ndilo jina letu, tumelikuta.
Babu aliapa kwamba kwa lugha yake lina maana nyingine kabisa,
akafa kabla hajaitaja.

Daktari, kijana, kofia ya kalamu mdomoni:
"Kwenu nani mwingine anakunywa?"

Nikauliza, niorodheshe au nihesabu?
Babu. Baba. Baba mdogo Elifuraha, aliyezoea kulala mferejini,
na maji yakawa yanampitia pembeni kwa adabu
hadi usiku mmoja hayakupita pembeni.
Kaka yangu Aminieli ananizidi kunywa
na suruali ya darasa la saba bado inamtosha.
Shangazi Ndeshukurwa akigusa kikombe kimoja tu
uso humuwaka, moyo humwenda mbio;
akadhani ni Roho, akaokoka.
Chungu kimoja, daktari,
ila kila mtu kapakuliwa kwa kata yake.

Akasema yapo ya kurithi. Akasema pia si yote.
Akachora duara, akachora mishale,
akasema "uwezekano" mara tatu.

Nikamwambia: sisi ghalani hutoa uzito wa gunia.
Gunia tupu, kilo moja; kinachobaki ndicho cha mkulima.
Sasa niambie, katika tisini na tisa hizi
gunia ni kilo ngapi?
Nitoe ya baba, nitoe ya babu,
nijue kilichobaki, maana hicho nitakilipa mwenyewe.

Alinyamaza. Alikuwa mtu mwema.
Akaandika: apunguze. Arudi baada ya mwezi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, Kiborloni nimepita upande wa pili wa barabara,
si kwa ushujaa; upande huu kulikuwa na jua,
na Aminieli hapendi jua.
Wiki tatu. Mikono inatetemeka asubuhi kama ule mshale.
Tisini na sita.

Leo nimemkuta Ndelilio, miaka tisa,
kajifunga mkanda ule, umemzunguka mara mbili
na ncha bado inaning'inia gotini.
Siku ya ubatizo wake nilimlambisha mbege kwa ncha ya kidole.
Watu wote walikunja uso wakingoja alie.
Akatabasamu. Tukapiga vigelegele.

"Baba, nitobolee tundu. Hapa."

Msumari ninao. Mkaa umekolea.
Mlangoni kuna hodi, naijua sauti,
najua na kibuyu kilichoshikwa.
Mtoto amevuta pumzi, amebana tumbo,
ananingoja nipime.