Kifungo

Baba hakuwa mtu wa kelele.
Akitoka mgodini alinawa hadi viwikoni,
akakunja mikono ya shati mara mbili,
akanishika bega kama anisindikizaye shule,
tukashuka ngazi kumi na nne
hadi stoo ya makaa.

Kosa langu? Maziwa yamemwagika.
Kosa langu? Nimecheka wakati wa taarifa ya habari.
Siku nyingine kosa lilikuwa bado halijapatikana:
nilishushwa kwanza, likatafutwa baadaye.

Kisha komeo. Ta.
Wałbrzych nzima ilikuwa juu yangu, pamoja na theluji yake,
na juu ya utosi wangu hasa, jikoni,
Mama alikuwa akikatakata kabichi.
Nilikisikia kisu.
Hakikusita.

Baba alifunga mlango, Mama alifunga mdomo,
na ilipokuja Kwaresima wote wawili walifunga.

Koti langu lilikuwa na kifungo kimoja kilicholegea.
Nilikisokota gizani, huku na huku,
mpaka uzi ukakiachia.
Nikakiweka chini ya ulimi: chumvi, masizi.
Nilikuwa na miaka saba
na kifungo ndani ya kifungo.

Ya katikati msiniulize.
Nilikua. Nililala na taa ikiwaka miaka ishirini na sita.
Radosław, mume wangu, alijifunika macho kwa soksi,
kwa mto, kwa subira,
halafu akaenda kutafuta mke wa kulala naye gizani.
Sikumlaumu. Taa ilikuwa kali.

Kisha usiku mmoja wa Novemba nikasahau funguo ndani.
Akaja fundi, kijana mwenye mafua,
akachomeka nyaya mbili, akapiga chafya,
mlango ukafunguka.
Nikatazama saa: sekunde arobaini.
Arobaini!
Na mimi niliwahi kukaa kule chini Jumapili nzima
nikidhani mlango ni kitu kama mlima,
kwamba Mungu aliuumba ukiwa umefungwa.
Nikaketi ngazini, nikalia mpaka yule kijana
akaanza kunipunguzia bei.

Jumatatu nilikwenda karakana yao kuomba kazi.

Sasa gari langu limeandikwa ubavuni:
BOGUMIŁA, VITASA, USIKU NA MCHANA.
Huniita walevi, huniita mahakimu,
huniita wajane wasiopoteza ufunguo wowote,
wanaotaka tu mtu aje.
Wote nawatoza.

Ila Alhamisi ile, ghorofa ya nne,
mtoto amejifungia bafuni,
mama yake anaupiga mlango kwa viganja viwili.
Nikamshika mikono, nikaishusha.
Nikalala kifudifudi sakafuni,
mdomo kwenye mwanya wa chini.

Unaitwa nani?
Tymek.
Tymek, shati lako lina vifungo vingapi?
Kimya. Pumzi.
Vitano. Hapana, sita. Kimoja kidogo.
Kishike hicho kidogo. Niko hapa hapa.
Sasa hivi utasikia ta.
Usiogope, hiyo ni sauti ya kufungua.
Inafanana na ile nyingine,
lakini ni ya kufungua.

Sekunde kumi na tisa.

Mama akatoa pochi. Nikamwambia mtoto halipi.
Ndiyo sheria pekee niliyowahi kuitunga,
na niliitunga pale pale, magoti yakiwa na vumbi.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Baba.
Sijui. Amekufa.
Aliyeinunua nyumba ameweka baiskeli mle stooni.
Taa ya korido bado naiacha usiku,
na kabichi sijaipika hadi leo.
Lakini hiyo simu inaita,
mkoba wa vifaa uko mlangoni,
na kiatu kimoja tayari nimekifunga kamba.